PLATO: darubini ya kukaza macho fasi moja ya mbingu

Mbingu ni kubwa, lakini darubini PLATO ya shirika la anga la Ulaya, ESA, itaanza kazi kwa kuangalia fasi moja tu, kwa angalau miaka 2 kufuatana na mpango. Fasi hiyo inaitwa LOPS2. Ni kama asilimia 5 ya mbingu yote.

PLATO inatafuta sayari, ao planeti kama wengi wanavyosema, zenye kuzunguka nyota zingine mbali na Jua letu. Haizioni zenyewe. Inangojea sayari ipite mbele ya nyota yake ili mwangaza upungue. Sayari kama Dunia ikipita mbele ya nyota kama Jua, mwangaza unapungua chini ya sehemu 1 kwa 10.000, tena mara moja tu kwa mwaka. Ukigeuza kamera siku ile, umeikosa mpaka mwaka ujao. Na kati ya sayari 200 za namna hiyo, ni moja hivi tu ambayo njia yake imelala sawasawa kwa macho yetu. Ndiyo maana PLATO ina kamera 26, zichunge nyota nyingi kwa mara moja.

Sasa, fasi gani? Kwanza iwe mbali na njia ya Jua, maana kamera hazipashwi kuelekea Jua hata siku moja. Hapo zinabakia pande mbili, kaskazini na kusini. Halafu isiingie katikati ya ule mkanda mweupe wa nyota, kwani huko zinasongamana na mwangaza unachanganyika.

Sababu nzito zaidi inatoka kwa Kepler, darubini ya NASA iliyorushwa 2009. Iliangalia upande wa kaskazini na ikavumbua sayari zaidi ya 2.600. Lakini nyota zake nyingi zilikuwa hafifu, na darubini za chini zikashindwa kupima uzito wa sayari hizo. Ukijua ukubwa bila uzito, hujui kama ni jiwe ao gazi. Kwa hiyo PLATO inafuata nyota zenye kuwaka zaidi, na inaanza kusini, kwa sababu darubini kubwa za kupima uzito ziko Chile, na zinaona mbingu ya kusini vizuri.

Hata kutoka Kivu fasi hiyo inaonekana. Canopus, nyota ya pili kwa kuwaka usiku baada ya Sirius, iko karibu na katikati ya LOPS2. Mwezi wa pili, saa tatu za usiku, kama mawingu yameachana, itafute kusini, karibu nusu ya njia kutoka chini mpaka utosini. Kwa mtu wa Goma ni upande wa ziwa.

PLATO itakaa kilometa milioni 1,5 kutoka Dunia. Kila miezi 3 itajizungusha robo ili pano zake za solari zifuate Jua, lakini macho yatabaki palepale. Kuna fasi ingine ya kaskazini iliyopendekezwa. Kubaki kusini kutaleta uhakika zaidi juu ya sayari zenye mwaka mrefu. Kuhama kutaleta nyota mpya. Uamuzi huo utachukuliwa baadaye.