Nani Husema Mtoto Amekua?

Hapa Elerai nimezoea kusikia wazazi wakilalamika, iwe katika vikao vya shule au nje ya kanisa: "Mtoto huyu amewapita wenzake, anakua haraka mno." Anayesemwa karibu kila mara ni binti wa miaka 10 au 11. Mvulana aliyerefuka ghafla husifiwa. Tofauti hiyo ina historia, na sehemu yake imo ndani ya sheria za nchi.

Katika miteremko ya Mlima Meru, Waarusha hawakuupima utu uzima wa mwanamume kwa miaka. Waliupima kwa rika. P. H. Gulliver, aliyewachunguza katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alionyesha jinsi rika lilivyobeba maamuzi na usuluhishi wa jamii hiyo. Kipindi cha tohara kilifunguliwa, kisha kikafungwa. Kijana aliyeota ndevu mapema alisubiri. Hakuna aliyekuwa morani peke yake. Majina kama Seuri, Makaa na Landisi wazee huyataja hadi leo wanapotaka kujua nani amwamkie nani. Kukua lilikuwa jambo la kundi, na mwili wa kijana mmoja haukuwa na kauli ya mwisho.

Binti hakuwa na mpangilio wa namna hiyo. Kwake mwili ndio uliokuwa kalenda: akivunja ungo, habari za mahari zilikuwa karibu. Sisemi hivi ili kuwahukumu waliotutangulia. Lakini wanaosifu mila kuwa ngao ya utoto watuambie pia ngao hiyo ilimkinga nani.

Kisha ikaja shule. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikalazimisha uandikishaji wa watoto wa miaka 7 hadi 13, wa kike na wa kiume. Darasa likawa rika jipya, na safari hii binti naye aliingia. Hata hivyo, sisi tuliosoma mwishoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka madarasa ya vimo vya kila aina, kwa kuwa wengi walianza wakiwa na miaka 9 au 10. Siku hizi watoto wa darasa moja hulingana umri zaidi, kwa hiyo anayetangulia kupevuka huonekana upesi. Nadhani sehemu kubwa ya hofu ya wazazi imezaliwa hapo.

Kitabibu, msichana anaweza kuanza kubalehe wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Kabla ya hapo, apelekwe kwa daktari. Ndani ya mipaka hiyo hakuna aliyempita mwenzake.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoibeba kalenda ya zamani hadi enzi ya shule. Mvulana aoe akiwa na miaka 18. Msichana aolewe akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaja kusema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hizo mbili zikaishi nyumba moja. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vya ndoa ni vya kibaguzi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali, na amri ya kurekebisha umri uwe 18 kwa wote ikabaki palepale.

Binti anayeambiwa "umeshakuwa mkubwa" kwa sababu ya kifua chake huanza kuachiwa wadogo zake awalee, hukatazwa kucheza, na huulizwa ametoka wapi kwa sauti ambayo kaka yake haisikii kamwe. Wanaume wa mtaani nao wanalisikia neno hilo. Katika daftari la mahudhurio, mtoto huyo yuko darasa la tano.