Unga na Utawala: Siasa ya Chakula katika Historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, haukuanzishwa kwa ajili ya rutuba ya ardhi bali kwa ajili ya shaba. Tangu reli kutoka kusini ilipowasili mwaka 1910, watawala walikabiliwa na swali zito: nani atawalisha wafanyakazi wa migodi? Jibu la kwanza lilikuwa mahindi ya Rhodesia.

Serikali ya kikoloni ilileta walowezi wa Kibelgiji wakalime kando ya mji, lakini wengi wao walishindwa. Mwaka 1917 ikatoa amri ya kilimo cha lazima, na wanavijiji wakalimishwa mazao waliyochaguliwa na wengine. Reli ya Kasai ilipokamilika mwaka 1928, mahindi ya Lomami na Kasai yalipata njia ya kufika kambini. Hivyo bukari ya mjini ilipikwa kwa jasho la kijiji.

Posho nayo haikuwa hisani. Katika miaka ya 1920, Union Minière ilipowahimiza wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, iligawa chakula kwa mke na watoto pia. Lakini mgawaji wa unga ndiye aliyehesabu watu wa kila nyumba. Naye aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, makao na chakula kwa siku moja. Bei zilipopanda wakati wa vita, wafanyakazi waligoma mwezi wa Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara. Askari waliwafyatulia risasi, na makumi wakauawa.

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines ilirithi migodi pamoja na desturi ya posho. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa, posho ikakatika, na mzigo wa kulisha jamaa ukawaangukia hasa wanawake, kwa biashara ndogondogo na mashamba ya nje ya mji.

Kampuni ilipojitoa, hapakuwa na mamlaka ya umma iliyoshika nafasi yake. Hadi leo, Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, bei ya unga hupanda katika masoko ya Lubumbashi. Swali la 1910 lingali linadai jibu, na safari hii wenye kuuliza ni wenyeji wa mji wenyewe.