Kanisa likitaka kubadilisha matumizi ya ploti

Katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, kanisa huanza kwa hema au jengo la mabati katika ploti iliyotengewa makao. Waumini wanapoongezeka, hema huondolewa na jengo la mawe kuanza kuinuka. Hapo ndipo mvutano na majirani huzuka. Wakazi hulalamikia vipaza sauti na magari yanayofunga njia, nao waumini hudai kwamba uhuru wao wa kuabudu unaingiliwa.

Sheria imeweka utaratibu wa kutatua suala hilo kabla ya msingi kuchimbwa. Utaratibu huo ni maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na mwamuzi ni serikali ya kaunti. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 1996, jukumu hilo lilikuwa la mabaraza ya miji na ya kaunti ya enzi hizo. Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, mabaraza hayo yakaondolewa, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ikazikabidhi serikali za kaunti mamlaka ya kutoa au kunyima idhini.

Sheria hiyo haihusu ujenzi pekee. Kubadilisha kwa kiasi kikubwa jinsi ardhi au jengo linavyotumiwa pia huhitaji idhini. Kwa hivyo, nyumba ya kuishi ikigeuzwa ukumbi wa ibada, wahusika hawawezi kujitetea kwamba hawakuongeza hata tofali moja.

Ardhi ya kanisa lililosajiliwa kama chama huandikishwa kwa majina ya wadhamini wake, nao ndio wanaopaswa kutia saini maombi. Jambo la kwanza kwao ni kusoma hatimiliki. Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa kutoka kwa serikali, hati hiyo hutaja matumizi yanayoruhusiwa, na masharti hayo pia hayana budi kurekebishwa. Maombi hutayarishwa kwa msaada wa mpangaji miji aliyesajiliwa, kisha huwasilishwa kwa kaunti pamoja na ada.

Sheria pia humlazimu mwombaji kuutangazia umma mradi anaokusudia. Tangazo huchapishwa gazetini na kubandikwa kwenye bango katika ploti yenyewe, likieleza matumizi ya sasa na yale yanayokusudiwa, na kuwaalika wenye pingamizi kuiandikia kaunti. Kwa kawaida muda unaotajwa ni siku 14. Wakazi wengi hulipita bango hilo bila kulisoma, kisha hulalamika ukuta ukiwa umefika kwenye linta.

Wakati huohuo, kaunti hupaswa kuzituma nakala za maombi kwa idara husika katika muda wa siku 7, nazo idara hizo hutakiwa kutoa maoni yao katika muda wa siku 14. Maoni hayo huhusu mambo kama vile barabara, maji, afya na mazingira.

Je, kaunti huangalia nini? Haiangalii iwapo mafundisho ya kanisa ni sahihi, wala haihesabu majirani wangapi ni wa madhehebu mengine. Huangalia iwapo kuna nafasi ya kutosha ya kuegesha magari, iwapo njia itahimili umati wa Jumapili, maji taka yatakwenda wapi, na iwapo utulivu wa mtaa utadumu.

Kuhusu kelele, kanuni za mwaka 2009 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (Nema) ziliweka kiwango cha desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya ibada. Katika kanuni hizo, usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa sababu hiyo, mikesha ndiyo huzua malalamiko zaidi.

Wapo wanaosema kwamba masharti haya yanakiuka Kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa dini na ibada. Hata hivyo, Kifungu cha 24 huruhusu haki kuwekewa mipaka ya kisheria iliyo ya kiasi na yenye sababu, nacho Kifungu cha 66 huipa serikali mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama, afya na mipango. Kanisa, msikiti, hekalu na hata kilabu hupimwa kwa kipimo kimoja.

Kaunti inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti, mathalani kuweka maegesho ya kutosha. Ikikaa kimya kwa siku 60 bila kumjibu mwombaji kwa maandishi, sheria huchukulia kwamba idhini imetolewa. Ulegevu wa afisa mmoja, basi, unaweza kuuamulia mtaa mzima.

Asiyeridhika, awe ni kanisa au jirani aliye na maslahi katika suala hilo, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi. Kamati hiyo nayo hutakiwa kuamua katika muda wa siku 14. Baada ya hapo, mlango uliosalia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayeendelea bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Isitoshe, anaweza kuamriwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali katika siku 90. Kwa kanisa lililojengwa kwa sadaka za waumini, hasara hiyo ni kubwa kuliko faini yenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kanisa, ufa huzibwa kwa kuomba idhini kabla ya kujenga. Kwa jirani, huzibwa kwa kulisoma bango na kuandika pingamizi siku zingalipo.