Kituo cha Punda cha Lamu

Kituo cha Punda cha Lamu ni zahanati na makao ya punda yaliyo kando ya bahari katika mji wa kale wa Lamu, Kenya. Kilianzishwa mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la Uingereza. Mwasisi wa shirika hilo, Elisabeth Svendsen (1930–2011), alikuwa na hoteli huko Devon, Uingereza. Alianza na punda wachache mwaka 1969, na mwaka 1974 akarithishwa wengine 204 kwa mpigo. Huko Lamu, ambako vichochoro havipitiki kwa gari, punda hubeba mchanga, mawe na saruji, hivyo kidonda cha mgongoni humkatia mwenye punda riziki. Kituo hutibu bure, hutoa dawa za minyoo na kuwahifadhi punda wazee na wagonjwa. Huandaa pia mashindano ya punda waliotunzwa vizuri.