Spacetoon na Kiarabu cha Ufasaha

Kabla watoto wa nchi za Kiarabu hawajawa na idhaa nyingi za televisheni zilizo zao wenyewe, ilizaliwa mwaka 2000 Spacetoon, ambayo mizizi yake imo mjini Damascus, katika Markaz az-Zuhra, nyumba ya kutia sauti filamu iliyoasisiwa mwaka 1992. Idhaa hiyo iliyagawa maonyesho yake kwa sayari, hii ya michezo, ile ya elimu, nyingine ya historia, na Zumoroda ikawekwa kwa ajili ya wasichana. Katuni nyingi zilitoka Japani. Lakini kabla ya kurushwa, maneno yake yalifasiriwa kwa Kiarabu fasihi, si kwa lahaja ya mji fulani, na nyimbo nyingi za kufungulia zikatungwa upya na Tarek Alarabi Tourgane, zikaimbwa na waimbaji kama Rasha Rizk. Kwa hiyo mtoto wa Morocco na mtoto wa Iraq, ambao lahaja za nyumbani huwatenga, waliweza kumsikiliza mpelelezi Conan wa katuni hizo kwa lugha ile ile ya vitabuni. Fadhila kubwa ya kazi hiyo, kwa rai yangu, ni kwamba waasisi wake hawakumdharau mtoto, bali walimwamini kuwa aweza kuufahamu ufasaha. Na kila umma uipendao lugha yake wapaswa kuizingatia ibra hiyo.