Pembe Komplimentari na Saplimentari kwa Radiani: Elewa Hapa kwa Dakika 2

Wanafunzi wengi hawapati shida na pembe mpaka swali lije na alama ya π. Hapo ndipo maksi zinapoanza kupotea. Ukweli ni kwamba kanuni ni ileile, kilichobadilika ni kipimo tu.

Radiani ni nini?
Chukua duara. Pima nusu kipenyo chake kwa uzi, kisha lalisha uzi huo juu ya ukingo wa duara. Pembe inayopatikana pale katikati ndiyo radiani 1, kama nyuzi 57.3. Duara zima lina radiani 2π, nusu duara π (nyuzi 180), na robo duara π/2 (nyuzi 90). Jina lenyewe lilichapishwa mwaka 1873 kwenye maswali ya mtihani wa James Thomson, huko Belfast.

Tofauti yake
- Komplimentari: pembe mbili zenye jumla ya π/2, yaani takriban 1.571.
- Saplimentari: pembe mbili zenye jumla ya π, yaani takriban 3.142.

Usichanganye: K ni ya kona ya ukuta, S ni ya sakafu iliyonyooka.

Ngazi ikiegemea ukuta, pembe yake na sakafu na ile ya ukutani ni komplimentari. Fungua mkasi: pembe mbili zilizo jirani pale kwenye msumari ni saplimentari.

Tukokotoe
1. Komplimentari ya π/6:
π/2 − π/6 = 3π/6 − π/6 = 2π/6 = π/3

2. Saplimentari ya 2π/5:
π − 2π/5 = 5π/5 − 2π/5 = 3π/5

3. Pembe ya radiani 1.2 (haina π):
Komplimentari: 1.571 − 1.2 = 0.371
Saplimentari: 3.142 − 1.2 = 1.942

Je, radiani 2? Saplimentari yake ni 1.142. Komplimentari haina, kwa sababu 2 tayari imezidi π/2.

Makosa ya kuepuka
- Kuandika 180 − 1.2. Hapo umetoa radiani kwenye nyuzi, sawa na kutoa kilo kwenye lita. Badili kwanza: nyuzi × π ÷ 180.
- Kusahau kikokotoo. Sin 30 kwenye nyuzi ni 0.5, lakini kikiwa kwenye radiani kinakupa −0.988. Kabla ya kuanza, angalia kama kimeandikwa Deg au Rad, hata kile cha kwenye simu yako.

Faida yake
Ukizijua hizi, trigonometria inakuwa nyepesi: sin x = cos(π/2 − x), na sin x = sin(π − x).

Jipime: komplimentari ya π/5 ni ngapi? Kama umepata 3π/10, uko vizuri.