Sauti ya Chini: Habari za Gitaa la Besi katika Kwaya Yetu

Kamati ya Jubilei imetupa nafasi tuandike habari za gitaa la besi katika kwaya hii. Sisi ni watatu ambao tumelipiga kwa kupokezana, baada ya yule wa kwanza tutakayemtaja mbele. Hakuna kati yetu aliyesomea muziki. Mmoja alikuwa karani bandarini, mmoja ni fundi cherehani, na wa mwisho bado anaendesha matatu. Mwanzo wa kwaya, walimu wake na safari zake mtazisoma katika kurasa nyingine. Sisi tutabaki chini, mahali tulipozoea.

Besi ni kitu ambacho watu hawakijui mpaka kikose. Jumapili moja waya wa amplifaya ulikatika katikati ya wimbo wa matoleo. Kinanda kiliendelea, ngoma zikaendelea, lakini sauti ya nne ilianza kutangatanga, na kufikia ubeti wa tatu kwaya nzima ilikuwa imeteremka kutoka pale ilipoanzia. Waumini waligeuka wakitazamana, wasijue kilichopungua. Baada ya ibada mama mmoja alituuliza kama tulikuwa tumezima mafeni.

Kabla ya gitaa, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume wa sauti ya nne peke yao. Uimbaji wa namna hiyo ni wa zamani katika pwani yetu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka thelathini hivi baadaye watu waliokombolewa utumwani wakapewa makao Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, pale tunapopaita Kengeleni kwa sababu ya kengele yao. Wamishonari walileta nyimbo, na pia ule mtindo wa kuandika sauti kwa do, re, mi ambao mchungaji Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19. Walimu wetu wa kwanza waliandika hivyo hivyo kwa chaki ubaoni, na wengi wetu mpaka leo noti za mistari hatuzijui.

Gitaa la besi lenyewe ni kijana kuliko baadhi ya wazee wetu. Leo Fender alianza kuliuza huko California mwaka 1951. Kabla yake mpiga besi alibeba chombo cha kusimama chenye kimo cha mtu, kama kile ambacho bado mnakiona katika vikundi vya taarabu vya Unguja. Uzi mnene wa gitaa hili hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana kifua huusikia sawasawa na sikio. Jina la mtaa wetu nalo linatokana na kilindi, maji yenye kina, yaliyozivuta meli kubwa upande huu na kuyaacha majahazi kule bandari ya kale. Gitaa letu la kwanza lilikuja kwa maji hayo. Baharia mmoja aliyekuwa anataka pesa kabla meli yake haijang'oa nanga alimuuzia mpakuzi mizigo aliyekuwa mwanakwaya wetu. Lilikuwa na nyuzi tatu badala ya nne.

Huyo mpakuzi ndiye wa kwanza. Amekataa jina lake lichapishwe, kwa hiyo tutamwita Mjomba, kama tulivyomwita siku zote.

Mjomba alikuwa na gitaa lakini hakuwa na mwalimu. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda kutazama. Alituchukua, sisi tukiwa vijana, na tukajifunza kusimama upande wa jukwaa alipo mpiga besi na kutazama mkono wake wa kushoto, tukimwacha mwimbaji kwa watu wengine.

Tulianzia Mji wa Kale, kwenye harusi. Hatukualikwa, wala si mahali ambapo wanaume wageni wangeingia, lakini muziki haukuzuiwa na ukuta. Tulisimama kichochoroni tukisikiliza vikundi vya akina Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, ambao taarabu yao ilikuwa imekwisha kupokea vyombo vya umeme. Hapo ndipo tulipojua chakacha. Chakacha huhesabiwa kwa sita, na sita hiyo unaweza kuigawa mara mbili za tatu au mara tatu za mbili. Ngoma zinataka hivi, mwimbaji anataka vile, na mpiga besi ndiye anayewapatanisha. Mjomba alirudi nyumbani akipiga hesabu hiyo kwa vidole juu ya usukani wa baiskeli, na mara moja tulimtoa mtaroni.

Kisha tukaenda ufukweni. Them Mushrooms, ndugu wa familia ya Harrison walioanza bendi yao hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wakipiga katika mahoteli ya watalii. Wimbo wao wa "Jambo Bwana" wa mwaka 1980 umezunguka dunia nzima. Mombasa Roots nao waliichukua chakacha ya mama zetu wakaitia ndani ya disko. Sisi kiingilio hatukuwa nacho. Tulikaa mchangani upande wa bahari mpaka askari wa hoteli atuone, na tulipofukuzwa tulikuwa tumekwisha kupata mistari miwili mitatu ya kuondoka nayo.

Lakini aliyemfundisha Mjomba kuliko wote hakuwahi kumwona kwa karibu mpaka siku ile iliyoleta balaa. Wazee mnawakumbuka Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga kutoka Tanga, waliopitia Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Wanyika, na katika "Sina Makosa" besi ni la Tom Malanga. Sikilizeni tena, hata kama mliwahi kuukataza nyumbani. Besi lile halikimbizani na magitaa mengine. Linasema neno, linanyamaza, kisha linajibu. Mjomba alituwekea redio mezani akasema, "Msikilizeni anaponyamaza." Tunaamini hilo ndilo somo pekee la muziki tulilowahi kupewa, na kila mara kijana mpya anapotaka kujaza noti katika kila nafasi, tunamrudia kwa maneno hayo hayo.

Basi bendi hiyo ilipokuja kupiga dansi mjini, Mjomba alilipa kiingilio akasimama ubavuni mwa jukwaa usiku kucha. Hakunywa, hakucheza. Mtu alimwona. Jumamosi iliyofuata kikao cha kwaya kiliitishwa. Wengine walisema gitaa lenyewe ni chombo cha baa na sasa tumeona linakotupeleka. Wengine walisema mwanakwaya hawezi kutoka dansini akavaa joho. Mjomba aliulizwa kama ni kweli alikuwepo, akajibu ndiyo. Hakueleza zaidi. Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono.

Wawili kati yetu tunaoandika tulikuwepo, na tulinyoosha mikono. Tulikuwa tumekaa naye kwenye mchanga wa hoteli, tumesimama naye vichochoroni, na tukanyoosha. Tuliogopa kuulizwa sisi tulikuwa wapi usiku mwingine.

Alisimamishwa miezi sita. Gitaa alituachia, kwa sababu, alisema, kwaya imekwisha kulizoea. Kila Jumapili alikuja akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Nasi tuliokuwa tumempigia kura hatukujua kupiga hata nyimbo nne vizuri, kwa hiyo wiki ile ile tukaanza kwenda kwake usiku, mmoja mmoja, tukipitia uani. Hakutuuliza kuhusu mikono yetu. Alitufundisha kushika noti moja pamoja na sauti ya nne mpaka waimbaji watulie, na kutotembea juu ya maneno. Alitufundisha pia kuchemsha nyuzi. Hewa ya bahari huzila kwa kutu na jasho, na nyuzi mpya za besi ni ghali, kwa hiyo unazitia katika sufuria ya maji yenye siki kidogo, dakika kumi hivi, unazifuta, nazo zinalia tena kama mpya kwa muda. Kuna ndoa mbili katika kwaya hii zilizotikiswa na sufuria hiyo.

Mambo yalibadilika kwa njia ambayo hatukuitazamia. Kanda za kwaya za Tanzania zilianza kuvuka mpaka wa Lungalunga, na katika kila nyumba ya Mkristo Kilindini zikasikika kwaya kama Mapigano Ulyankulu ya Tabora na AIC Makongoro ya Mwanza. Wale wale waliosema gitaa ni la baa walizinunua, na ndani yake besi lilikuwa likitembea mbele kabisa. Hakuna aliyesimama kusema tulikosea. Sikukuu ya Pasaka, kabla ya wimbo wa kwanza, mwalimu wa kwaya alitazama nyuma akamwashiria Mjomba kwa kidole, naye akaja akachukua gitaa mikononi mwetu.

Tulipokuwa tukitayarisha ukurasa huu tulikifungua kitabu cha kumbukumbu za vikao. Kura ile imo, pamoja na maneno "utovu wa nidhamu". Kurudi kwake hakumo. Hakuna kikao kilichoiondoa adhabu ile, kwa hiyo kwa maandishi Mjomba bado amesimamishwa. Kamati imekubali jambo hilo liandikwe upya kabla ya sherehe, na sisi wawili tumetia sahihi chini yake.

Tulimpelekea habari hiyo nyumbani na kumwomba radhi. Alitusikiliza, kisha akauliza nyuzi zilichemshwa lini mara ya mwisho. Vidole vyake sasa ni vigumu na goti linamsumbua, lakini amekubali kupiga wimbo mmoja leo, ule wa matoleo, akiwa ameketi. Waya wa amplifaya tumeukagua mara mbili.